Je, Wajua? Vyura Wanaovuka Mipaka ya Koo, Kutoka Rwenzori Hadi Rungwe

Je, wajua kwamba chura jike huchagua mume kwa sikio? Masika yanapojaza vidimbwi vya Tukuyu, wilayani Rungwe, madume ya spishi kadhaa hukaa kwenye kinamasi kimoja, usiku uleule, na kila spishi ina mlio wake. Jike huwapita wote mpaka amfikie dume mwenye sauti ya kwao. Mlio ndio ukuta wa kwanza unaozuia koo zilizo jirani zisichanganyike.

Rangi haisaidii sana. Katika milima ya Rungwe na nyanda za juu za jirani yuko chura mdogo wa matete, Hyperolius pictus, ambaye hubadilika rangi na madoa kiasi kwamba wawili waliokaa kwenye jani moja unaweza kuapa ni wa koo mbili. Anayehesabu vyura kwa macho peke yake atakosea.

Je, wajua kwamba ukuta huo una milango? Spishi nyingi za vyura hutungisha mayai nje ya mwili. Dume humkumbatia jike mgongoni, jike hutaga, na dume humwaga mbegu juu ya mayai. Usiku wenye msongamano, kwenye kidimbwi kinachokaribia kukauka, dume hukumbatia karibu kila kitu kinachosogea, na hapo ndipo makosa hutokea. Na kwa kuwa mayai hutungishwa nje ya mwili, watafiti wa maabara huweza kuchukua mayai ya spishi moja na mbegu za nyingine wakazikutanisha kwenye sahani ya maji. Mara nyingi kiinitete hufa mapema. Mara nyingine viluwiluwi huanguliwa, hupata miguu, hupoteza mkia, na wewe unabaki unamtazama chura chotara akiruka.

Wafugaji wa Rungwe hawana haja ya kuelezwa chotara ni nini, kwani maziwa yanayoshuka kila asubuhi kutoka vijijini hutoka kwa ng'ombe wa namna hiyo. Lakini tuweke tofauti wazi. Ng'ombe wa kienyeji na ng'ombe wa kisasa huzaana bila kikwazo, na ndama wao huzaa bila shida. Kwa vyura tunazungumzia spishi mbili zilizoachana mamilioni ya miaka iliyopita, na gharama ya kukutana tena huonekana kwa watoto.

Je, wajua gharama hiyo humwangukia nani? Wako vyura wa majini wenye kucha kwenye vidole vya nyuma, wa jenasi Xenopus. Mmoja, Xenopus muelleri, anaishi katika maeneo ya chini ya pwani ya Afrika Mashariki na hata Unguja na Pemba. Mwingine, Xenopus laevis wa kusini mwa Afrika, ni maarufu katika maabara duniani kote. Wakizalishwa pamoja, watoto wa kiume huwa tasa na wa kike huzaa. Wanabayolojia walishangaa, kwa sababu kuna kanuni ya zamani inayosema kwamba jinsia yenye kromosomu mbili zisizofanana ndiyo huathirika kwanza, na kwa vyura hawa jinsia hiyo ni ya kike. Vyura wa kucha wameikataa kanuni.

Binti hao chotara wana jambo lingine. Baadhi ya mayai yao hutoka bila kupunguza kromosomu nusu kama ilivyo kawaida. Hutoka na fungu zima la mama. Yai kama hilo likikutana na mbegu, mtoto hupata kromosomu nyingi kuliko mzazi yeyote. Watafiti wa Geneva walionyesha jambo hili kwa kuzalisha vyura hao kizazi baada ya kizazi.

Sasa twende magharibi mwa Uganda. Je, wajua kwamba chini ya milima ya Rwenzori anaishi chura mwenye kromosomu 108? Binadamu ana 46. Chura huyu, Xenopus ruwenzoriensis, alipewa jina la kisayansi mwaka 1973. Jirani zake, Xenopus vestitus na Xenopus wittei wa nyanda za juu za Uganda, Rwanda na mashariki mwa Kongo, wana 72 kila mmoja. Xenopus laevis ana 36. Hesabu hizo si za bahati nasibu: 72 ni mara mbili ya 36, na 108 ni mara tatu. Kila ngazi ni kumbukumbu ya spishi zilizokutana, zikazaa binti, na binti akabeba kromosomu za pande zote mbili bila kutupa upande wowote.

Mwaka 2016 wanasayansi walichapisha ramani nzima ya jeni za Xenopus laevis. Walikuta ndani yake koo mbili zilizolala ubavu kwa ubavu. Mababu wa koo hizo walitengana takriban miaka milioni 34 iliyopita, kisha wakaungana tena miaka milioni 17 au 18 iliyopita, wakatengeneza spishi mpya ambayo haihitaji tena mzazi yeyote. Ukoo mmoja umetunza jeni zake vizuri. Mwingine umepoteza nyingi. Ningependa kila mwalimu wa bayolojia katika shule zetu awaeleze wanafunzi habari hii, kwa sababu vitabu vingi huchora mageuzi kwa matawi yanayoachana tu. Hapa Afrika Mashariki tuna vyura ambao matawi yao yaliachana, yakarudi, yakashikana, na tawi lililotokea likaendelea kukua.

Je, wajua kuhusu chura anayeiba jeni? Huko Ulaya anaitwa Pelophylax esculentus, na kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa spishi ya kawaida. Katika miaka ya 1960 mtafiti wa Poland, Leszek Berger, aliwazalisha na kugundua kwamba wote ni chotara wa spishi nyingine mbili, chura wa madimbwi na chura mkubwa wa mabwawa. Kinachofuata ni cha ajabu kweli. Chotara huyu anapotengeneza mayai au mbegu, kwa kawaida hutupa jeni zote za mzazi mmoja, yule wa madimbwi, na kubaki na za mwingine bila kuzichanganya. Kisha humtafuta tena chura wa madimbwi ili apate nusu iliyokosekana. Chotara wawili wakizaana wao kwa wao, mara nyingi watoto hufa, kwa kuwa jeni zisizochanganywa zimekusanya kasoro kwa vizazi.

Kwa mhifadhi maana yake ni moja: ukimaliza chura wa madimbwi katika kijiji fulani, chotara naye huondoka, hata kama leo ni wengi kupita mzazi wake.

Je, wajua kwamba wako vyura wanaochagua kuchanganyika kwa makusudi? Katika majangwa ya kusini magharibi mwa Marekani, viluwiluwi hushindana na jua. Mvua ikinyesha kidogo, kidimbwi kinaweza kukauka kabla havijapata miguu. Karin Pfennig alionyesha mwaka 2007 kwamba jike wa spishi moja, Spea bombifrons, akiwa kwenye maji ya kina humchagua dume wa kwao. Akiwa kwenye maji haba, humwelekea dume wa spishi jirani, Spea multiplicata, kwa sababu viluwiluwi chotara hukua haraka zaidi na kuwahi kutoka. Analipa: wanawe wa kiume wanakuwa tasa, na mabinti hutaga mayai machache zaidi. Lakini kuwa na mabinti wachache wazima ni afadhali kuliko kuacha kidimbwi kizima cha viluwiluwi vilivyokauka.

Huu ndio ushahidi ninaoupenda zaidi kwa wanaosema mchanganyiko unaweza kuokoa. Hali ya hewa inavyobadilika, spishi inaweza kupokea kwa jirani jeni ambazo ingehitaji maelfu ya vizazi kuzitengeneza yenyewe. Wahifadhi wameshatumia njia ya karibu na hiyo kwa mnyama mkubwa. Puma wa Florida walikuwa wamebaki 20 hadi 30, wakizaana ndugu kwa ndugu, wengine na mikia iliyopinda na kasoro za moyo. Mwaka 1995 majike 8 ya puma kutoka Texas yaliletwa. Leo wanazidi 100. Lakini puma wa Florida na wa Texas walikuwa wa spishi moja, walioachana kwa sababu binadamu alikata njia kati yao. Tofauti hiyo ni kubwa, na anayetumia mfano wa puma kutetea kuchanganya spishi mbili za vyura anaruka hatua.

Je, wajua upande wa pili? Rasi ya Afrika Kusini ina chura mdogo wa kucha, Xenopus gilli, anayeishi kwenye maji meusi yenye tindikali. Watu walipochimba mabwawa na kubadilisha maji, Xenopus laevis mkubwa alimfuata hadi kwake, akala viluwiluwi vyake na kuzaa naye. Tangu miaka ya 1980 wahifadhi wamekuwa wakiwatoa vyura wakubwa kwenye vidimbwi vya hifadhi ya Rasi ya Tumaini Jema ili mdogo apumue. Huko Kyoto, Japani, salamanda wakubwa walioletwa kutoka China wamezaa na wa Kijapani mtoni Kamo mpaka kumpata salamanda halisi wa Kijapani imekuwa kazi.

Basi turudi mlimani kwetu.

Je, wajua kwamba Rungwe ina vyura wanaobeba jina lake katika vitabu vya sayansi? Arthur Loveridge, aliyekuwa akikusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Harvard, alipita nyanda hizi mwaka 1930. Miaka miwili baadaye alichapisha maelezo ya Phrynobatrachus rungwensis, kijichura cha madimbwi, na ya chura mfupi wa msituni ambaye sasa anaitwa Probreviceps rungwensis. Mvua inayofikia karibu milimita 3,000 kwa mwaka katika baadhi ya miteremko ya mlima huu, pamoja na misitu iliyotengwa na mashamba na mabonde, hutengeneza mazingira ambamo koo hujitenga na kuwa spishi.

Je, wajua kwamba wako vyura hapa wasiopitia hatua ya viluwiluwi? Mwaka 1905 Mjerumani Gustav Tornier alieleza chura wa nyanda za juu kusini ambaye huzaa watoto waliokwisha kuumbika. Leo anaitwa Nectophrynoides viviparus. Mbegu huingia ndani ya mwili wa jike, watoto hukua humo, na siku ya kuzaliwa wanatoka wakiwa vyura wadogo kamili. Duniani vyura wa namna hii ni nadra mno, na Tanzania ndiyo makao ya jenasi hii yote.

Kwa zaidi ya miaka 100 kila chura wa aina hiyo mwenye tezi kubwa mwilini, awe wa Rungwe, Udzungwa, Uluguru au Mahenge, aliandikwa kwa jina hilohilo. Kisha watafiti, wakiwemo Watanzania, walitoa vinasaba kwenye vielelezo vya kale vilivyohifadhiwa makumbusho, wakalinganisha na vipya, na mwaka 2025 wakatangaza spishi tatu mpya zilizokuwa zimejificha chini ya jina moja: Nectophrynoides uhehe, Nectophrynoides luhomeroensis na Nectophrynoides saliensis, huyu wa mwisho akitoka msitu wa Sali, Mahenge.

Hebu fikiria mhifadhi mwenye nia njema, miaka kumi iliyopita, akiona vyura wa msitu mmoja wanapungua. Angeweza kuleta wenzao kutoka mlima mwingine, akiamini anaongeza damu mpya ndani ya spishi ileile. Kumbe angekuwa anachanganya spishi mbili bila kujua, na pengine kufuta moja kabla haijapewa jina. Sioni hoja nyingine inayonishawishi zaidi kwamba kazi ya kutambua spishi, ile ya kukaa na darubini na mirija ya vinasaba, ni kazi ya uhifadhi yenyewe. Haipaswi kusubiri fedha zinazobaki.

Je, wajua kwamba Tanzania iliwahi kupoteza chura porini na kumrudisha? Katika korongo la Mto Kihansi, kwenye miteremko ya Udzungwa, mwaka 1996 walipatikana vyura wa rangi ya dhahabu wasiofika sentimita tatu, Nectophrynoides asperginis, nao pia wanaozaa watoto kamili. Ulimwengu wao wote ulikuwa takriban hekta mbili za majani yaliyoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Bwawa la umeme lilipoanza kazi kuelekea mwaka 2000, maji yalielekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakapungua. Vinyunyizio viliwekwa. Mwaka 2003 idadi ilianguka ghafla, na kuvu anayeua vyura duniani kote aligunduliwa kwenye mizoga. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini.

Kilichowaokoa ni vyura 499 waliopelekwa Marekani mwishoni mwa 2000, wakalelewa kwenye bustani za wanyama, zikiwemo za Bronx na Toledo. Walizalishwa wao kwa wao, bila kuchanganywa na ndugu yeyote wa jenasi. Mwaka 2010 kundi la kwanza lilirudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kuachiwa korongoni. Swali la kuchanganya halikuhitajika kwa sababu watu waliwahi. Wangechelewa wakabaki vyura watano, ndipo mtu angeanza kutazama spishi jirani kama mlango wa mwisho. Kuwahi ni nafuu kuliko ufundi wowote wa maabara.

Na hapa nakuomba uvumilie, kwa sababu habari kubwa kuliko zote za mchanganyiko katika wilaya ya Rungwe ni ya kima aitwaye kipunji.

Je, wajua kwamba kipunji wa Rungwe ana mama nyani katika ukoo wake? Wazee na wawindaji wa Kinyakyusa walimjua mnyama huyu mwenye aibu, mwenye shungi la manyoya kichwani na mlio unaovuma kama honi. Mwaka 2003 timu iliyoongozwa na Tim Davenport, wakiwemo Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga, ilifuata simulizi hizo mpaka ikamwona. Mwaka 2004 timu nyingine, bila kujua habari za Rungwe, ilimkuta katika msitu wa Ndundulu huko Udzungwa, umbali wa kilomita 350 hivi. Walitangaza pamoja mwaka 2005. Mwaka uliofuata, baada ya kipunji mmoja kufa kwenye mtego wa mkulima shambani na mwili wake kuchunguzwa, alipewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika katika miaka 83.

Mwaka 2009 vinasaba vilileta fumbo. Mitokondria, sehemu za seli zenye vinasaba vyake ambavyo mtoto hurithi kwa mama peke yake, zilionyesha kipunji wa Rungwe akiwa katikati ya nyani wa manjano wa eneo hilohilo. Umbo lake, tabia na jeni nyingine havikusema hivyo. Mwaka 2010 vinasaba vya kipunji wa Ndundulu vilitoa ufunguo: mitokondria zake hazikutoka kwa nyani hao. Maelezo yanayokubalika ni kwamba zamani sana jike wa nyani alizaa na dume la kipunji upande wa Rungwe. Binti yao akazaa na kipunji, mjukuu naye vivyo hivyo, na kila kizazi jeni za nyani zikapungua katika kiini cha seli, huku mitokondria za bibi yule zikiendelea kushuka kutoka mama hadi binti mpaka leo.

Hakuna aliyesema kipunji wa Rungwe asilindwe kwa sababu ya bibi huyo, na ni vyema. Hesabu ya kwanza kamili iliwakadiria kipunji wote duniani kuwa 1,117, ambao 75 tu walikuwa Ndundulu. Hesabu ya baadaye ilionyesha wameongezeka kuelekea 2,000, matunda ya doria na ulinzi baada ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo kuanzishwa 2005 na mlima Rungwe kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009.

Je, wajua kuhusu Bujingijila? Ni ushoroba mwembamba unaopaswa kuunganisha msitu wa mlima Rungwe na msitu wa Livingstone ulio ndani ya Kitulo. Umekatwa na kulimwa kwa miaka mingi. Kipunji wapo pande zote mbili. Ukiota tena, watakutana wenyewe bila vizimba vya kusafirishia wala dawa za usingizi, na vyura wa kivulini watakuwa na unyevunyevu wa kupitia. Huo ni mchanganyiko ndani ya spishi moja, na nauunga mkono bila kusita.

Ndundulu ni jambo jingine. Kundi dogo kama hilo likipungua, atatokea mtu wa kupendekeza wapelekwe kipunji kutoka Rungwe, na kwa kuangalia idadi tu atakuwa na hoja. Lakini majike kutoka Rungwe wangepeleka pia mitokondria za nyani mahali pekee palipobaki na zile za kipunji. Mimi ningepeleka kwanza walinzi, ningekusanya vinasaba vya kila kundi kupitia vinyesi bila kumshika mnyama, na kama itafika siku ya kuhamisha, ningehamisha madume peke yao, kwa kuwa dume hamrithishi mtoto mitokondria zake.